Mrejesho: ile ishu ya "eat out" imeeleweka

Wakuu habari zenu, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Niliomba msaada wa kutumia "eat out" kwenye sentensi maana mdogo wangu anajiandaa na intavyuu ya mapokezi hotelini na alikuwa anaichanganya na "eat outside". Asanteni sana wote mliojibu, Mungu awabariki.

Tulifuata ushauri wa yule aliyesema aache kukariri, atunge sentensi za maisha yake mwenyewe, basi jioni tukiwa tunachambua mchicha namuuliza kwa Kiingereza jana mlikula wapi, naye anajibu "We ate out last night" au "We rarely eat out, we cook at home". Hapo ndo kaelewa kwamba ni kula mgahawani au kwa mama ntilie badala ya nyumbani, hata kama umekaa ndani kabisa chini ya feni, ila "eat outside" ni kukaa nje tu, hata uani kwenu. Na chakula hakifuati hapo hapo, husemi "eat out pilau", unasema "We ate out and had pilau".

Kilichogoma ni "eat up", yaani kula chakula chote ukamaliza. "Eat up your ugali" anaiweza vizuri, ila ikija "it" bado anasema "eat up it" badala ya "eat it up". Ushauri wa kuangalia muvi haukusaidia sana, wale wanaongea haraka mno kwa anayeanza. Intavyuu ni wiki ijayo, tunaendelea na mazoezi.