Mnada wa chai: bei ya chini irudishwe, au soko liachwe?

Kijana wa Ganjoni: Wakubwa, nataka majibu, si matusi. Mwaka 2021 chai ya viwanda vya KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, iliwekewa bei ya chini mnadani hapa Mombasa, dola 2.43 kwa kilo. Wanunuzi wakanuna, mzigo ukajaa kwenye magodauni, mwisho bei ile ikaondolewa. Sasa wakulima wanalia hasara. Irudi? Mimi nasema irudi. Mnada huu tunao tangu 1956, haiwezekani mwenye mali awe ndiye wa mwisho kujua bei yake.

Mkulima Bomet: Irudi hata kesho. Sisi tunachuma na mvua ikitunyeshea, nyinyi huko chini mnapangiana bei kwenye kiyoyozi. Mtu wa Mombasa anaijua chai ikiwa kwenye thamosi tu, na hiyo yenyewe anayokunywa ni vumbi.

Kuli Mstaafu: Vumbi? Unikome, bwana mkulima. Nimebeba chai magodauni ya Shimanzi miaka 19. Gunia la karatasi, ukilitua vibaya kona yapasuka, na karani yuko mlangoni na kalamu yuwakungojea. Wewe ulikuwa wapi?

Mkulima Bomet: Kubeba si kukuza. Vumbi.

Kijana wa Ganjoni: Jamani, bei ya chini…

Mwonja Chai: Hilo la vumbi silipiti, ndiyo kazi yangu. Asubuhi nzima napita mezani na kijiko: navuta kwa kelele, natema, naenda kikombe cha pili. Hilo vumbi, dasti kwenye katalogi ya mnada, ni ukubwa wa punje, si uchafu. BP1 ni punje kubwa, PF1 inafuata, PD na D1 ni laini. Jani ni lile lile, chekecheo ndiyo huzitenga. Dasti ya kiwanda kizuri huishinda bei BP1 ya kiwanda kizembe.

Binti Kibokoni: Tena dasti ndiyo yenye rangi. Chai ya maziwa na iliki bila dasti ni maji ya kusuuzia sufuria. Mahamri yangu siyachovyi humo.

Kuli Mstaafu: Asante mwanangu. Bwana mkulima, umesikia?

Mzee wa Diko: Mwacheni mgeni apumue. Kijana, mnada ulianza Nairobi hiyo 1956, Mombasa ulikuja 1969. Na swali lako umeliuliza kichwa chini. Njoo dikoni, samaki wanaposhushwa, alfajiri. Changu ametoka majini, jua lapanda, mama karanga, mkaanga samaki, amekaa na beseni lake wala hana haraka. Yuajua saa mbili zijazo bei ni yake. Mwenye samaki hana friji. Chai yaweza kulala, lakini godauni lina kodi, na ladha hufifia. Anayenunua kwa ajili ya Pakistan, na huyo ndiye mkubwa wao, alijua hayo yote. Ukishamtangazia kuwa hushuki 2.43, umemwambia aketi.

Mwonja Chai: Na bei ilikuwa moja kwa chai zote. Chai ya Kirinyaga kwa kawaida hupita hapo, haikuhisi kitu. Iliyobaki godauni kwa wingi ni ya magharibi mwa Bonde la Ufa. Bomet, kwa mfano.

Mkulima Bomet: Kumbe tumefika hapo! Chai yetu ni mbaya?

Mwonja Chai: Sikusema mbaya.

Mkulima Bomet: Umetaja Bomet kwa jina, mbele ya watu. Tangu lini mtu anayetema chai akawa hakimu wa shamba langu?

Msomi wa Nyali: Tatizo ni muundo. Waholanzi huuza maua kwa saa: bei huanza juu, inashuka, wa kwanza kubonyeza amechukua. Ukingoja sana, mwenzako amekupokonya. Kwetu bei hupanda, basi mnunuzi ananyamaza akitazama nani ataanza.

Binti Kibokoni: Waridi lanyauka kesho, shekhe. Chai imekaushwa.

Kuli Mstaafu: Zamani pale Nyerere Avenue ungemwona nani kafungua mdomo. Tangu korona, 2020, mnada ni skrini tu.

Msomi wa Nyali: Skrini ni bora. Ukumbini wanunuzi walikonyezana.

Kuli Mstaafu: Na simu za mkononi hazikonyezi?

Kijana wa Ganjoni: Kwa hiyo irudi au isirudi?

Mzee wa Diko: Kila mzigo uwe na bei yake ya akiba, ile usiyoshuka chini yake, dalali aijue, mnunuzi asiijue. Si bango moja la nchi nzima.

Mkulima Bomet: Mimi bado nangoja jibu la mwonja chai.

Kuli Mstaafu: Ukishuka Mombasa nitafute Shimanzi. Lete majani yako, nitakupikia turungi mwenyewe. Ila lile neno ulifute kwanza.

Mkulima Bomet: Nitakuja. Sifuti.