Naombeni ushauri: hela ya kiwanja au kumuuguza shangazi aliyenilea?

BintiSengerema:
Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Naombeni ushauri, na mwenye kejeli naomba anipite tu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza, nimeolewa, tuna watoto wawili. Vikoba vyetu vimevunja mzunguko, na mgao wangu pamoja na akiba yangu vimefika milioni 4 na nusu. Hela hii ilikuwa na kazi yake: kiwanja Kisesa. Tumechoka kupanga.

Sasa shangazi yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa darasa la tatu, amepata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havisogei. Ni mjane, hakujaliwa mtoto. Bugando wamemruhusu, ila lazima aendelee na kliniki ya mazoezi ya viungo, na kule Sengerema hawezi kubaki peke yake. Nataka nimlete kwangu, nikodi chumba kingine hapahapa uani, niweke dada wa kumhudumia, nilipe bajaji ya kliniki. Nimepiga hesabu, hela yote inakwenda.

Kaka zangu wanasema bibi ameshakula chumvi nyingi, huko ni kumwaga hela. Wao wanataka nyumba yake iuzwe, tugawane, yeye apelekwe kijijini. Mteja wameshampata. Mume wangu kasema ni jasho langu, niamue mwenyewe, lakini uso wake nauona.

Jumatatu ya Juma Kuu tulisoma Yohana 12, Mariamu wa Bethania alivyompaka Yesu miguu kwa marhamu ya thamani kubwa, na tangu siku hiyo sina raha. Kile kiwanja nakipenda jamani. Kusitasita kwangu ni choyo? Au nikitoa yote nawakosea wanangu?

MkulimaMagu:
Pole sana dada. Soma 1 Timotheo 5:8: asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Wanao ndio wa kwanza. Nunua kiwanja, kinachobaki mpe shangazi, wala usijilaumu.

MtuWaMaombi:
Toa yote mpendwa! Hiyo ni mbegu. Mungu atakurudishia viwanja hata kumi.

KatekistaMstaafu:
Mwanangu, naomba niseme kwa kirefu kidogo.

Ndugu wa Magu kanukuu vizuri, ila sura hiyo inazungumzia wajane. Aya ya 4 inawataka watoto na wajukuu wajifunze kwanza kuwalipa fadhila waliowazaa. Huyu mama hakukuzaa, lakini kukulea kakulea. Ni wa nyumbani mwako.

Kuhusu mbegu, hapana. Mariamu hakuomba chochote. Hakuna mahali Injili inaposema alirudishiwa marhamu yake. Ukitoa ili urudishiwe mara kumi, hiyo ni biashara, na choyo kinaweza kukaa humohumo ndani ya sadaka.

Angalia na bei. Ile nardo, yaani marhamu yenyewe, Yuda alilalamika kwamba ingeuzwa dinari 300 wapewe maskini, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo ni karibu mapato ya mwaka mzima. Jumatano ya juma hilohilo tunasoma Mathayo 26, Yuda anawauliza wakuu wa makuhani, mtanipa nini nikimsaliti Yesu kwenu? Wanampa vipande 30 vya fedha, na katika Kutoka 21:32 hiyo ndiyo fidia ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe. Mmoja hakumnyima Yesu chochote. Mwingine alimpangia bei. Na aliyelalamika kwa jina la maskini ndiye aliyekuwa anaiba mfukoni.

Wapo wanaotumia jibu la Yesu kwa Yuda, "maskini mnao siku zote", kufunga mkono. Yesu alikuwa anagusa Kumbukumbu la Torati 15:11, na aya hiyo inaendelea kwa kuamuru tuwafumbulie maskini mkono.

Kusitasita kwako si choyo. Kiwanja kwa ajili ya watoto ni kitu chema. Choyo nakiona kwa kaka zako, wanaogawana urithi wa mtu aliye hai. Luka 12, mtu alipomwomba Yesu amwamulie ndugu yake wagawane urithi, Yesu alikataa, akawaambia watu wajilinde na choyo.

MamaWaNyakato:
Mambo mawili shosti. Kwanza kaa na mume wako mzungumze mpaka ujue anachowaza, usiamue kwa kusoma uso. Pili, kuna aliyemuuliza shangazi mwenyewe? Ulimi kuwa mzito si kukosa akili. Nyumba ni yake. Akikubali ipangishwe, kodi imlipe dada wa kazi, kiwanja mnaweza kukilipia polepole.

NesiWaWodi:
Naunga mkono, na msichelewe. Miezi ya mwanzo ndiyo viungo hurudi zaidi. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongoni, na dawa za presha zisikatwe hata akionekana mzima.

BintiSengerema:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimekaa na mume wangu. Kumbe hofu yake ilikuwa deni, si hela yenyewe. Shangazi tulimuuliza, akatikisa kichwa kwa kuuzwa, akakubali kwa kupangisha. Yuko kwangu tangu Jumamosi. Mwenye kiwanja nimemwambia asinisubiri, nimelia, lakini nimemwambia. Kaka zangu hawapokei simu.

Nesi, usiku tunapokezana kumgeuza mimi na mume wangu. Ila akinywa chai anapaliwa na kukohoa sana. Ni kawaida?

NesiWaWodi:
Hutokea baada ya kiharusi, lakini usiliache. Chai inaweza kuingia kwenye mapafu. Kesho mrudishe wakampime anavyomeza, usisubiri siku ya kliniki. Kwa sasa msimpe chochote cha kunywa akiwa amelala. Akalishwe wima kabisa, kidevu kiiname kidogo, apewe kijiko kimoja kimoja, na akianza kukohoa acheni kwanza kumnywesha. Akimaliza abaki amekaa nusu saa. Akipata homa au akihema kwa shida, hata kama ni usiku, mpeleke hospitali.