Majivu, mavi ya kuku au yurea: kipi kinafukuza minyoo wa udongo?

Mama Lengalenga (Goma, Himbi)
Jamani, nisaidieni. Kwangu chini ni makoro matupu, yale mawe ya volkano, udongo niliununua nikajaza magunia 6 ya kupandia. Mwaka jana nikichimba kwa kijiko nilikuta minyoo wanene. Sasa simwoni hata mmoja. Kila jioni ninamwaga majivu ya mbabula (jiko la makaa) humo. Niendelee nayo, nitie mavi ya kuku, ao ninunue yurea, ile mbolea ya dukani?

Papa wa Keshero
Mama, majivu kidogo hayana ubaya. Shida ni kila jioni. Mnyoo hana mapafu, anapumua kwa ngozi, na ngozi hiyo lazima iwe na unyevu. Majivu yanamkausha, yakizidi udongo unakuwa mkali kama magadi. Mimi nilijaribu kwa beseni: nusu udongo mtupu, nusu udongo na konzi mbili za majivu, minyoo 10 katikati, gunia bichi juu. Baada ya siku mbili 9 walikuwa upande usio na majivu. Yule mmoja alibaki mpakani, amejikunja kama fundo la uzi.

Sasa fikiria gunia lako. Shambani mnyoo akichukia kitu anahama. Ndani ya gunia atahamia wapi? Na gunia likikaa juu ya makoro yenye jua, linapata joto hadi chini.

Kadutu Juu (Bukavu)
Huku kwetu udongo mwekundu una uchachu, majivu konzi moja kwa tuta yanasaidia. Ila mavi ya kuku mabichi nayaogopa zaidi. Ile harufu inayochoma pua ni amonia, inaua minyoo. Yaache yaoze miezi kadhaa, uyageuze, mpaka yanuke udongo. Ya ng'ombe yaliyokaa kidogo, minyoo wanayafuata wenyewe.

Dada wa Lushi
Msisahau dawa ya bluu ya nyanya, ile yenye shaba. Shaba haiozi. Mvua baada ya mvua inabaki juu juu, palepale mnyoo anapokula. Lubumbashi udongo wa sehemu nyingi una shaba tayari, kwa hiyo mimi siipulizi kabisa. Na usihesabu minyoo mwezi wa saba, wakati wa ukame wanashuka chini.

Papa wa Keshero
Yurea: kijiko kidogo, udongo ukiwa na maji, mbali na shina. Inalisha majani, mnyoo haimpi chakula. Kwa gunia mimi ningeiacha.

Mama Lengalenga
Asanteni sana wapendwa. Nimefukua gunia la kwanza: juu kuna ganda la kijivu, gumu, nene kama kidole. Nimelitoa lote. Nimeweka mavi ya ng'ombe yaliyooza na majani ya mgomba, magunia nimeyasogeza kivulini mwa ukuta.

Mama Lengalenga (wiki 5 baadaye)
Leo asubuhi nimeinua jani la mgomba. Vinyesi vya minyoo, vidogo, vya mviringo kama shanga, gunia la tatu na la tano!