Naomba ushauri: kisu cha kambi kwa mtoto wa miaka 11

Wakuu, habari zenu. Binti yangu anakwenda kambi ya likizo, na wameruhusiwa kisu kidogo cha kukunja kwa kuchonga vijiti na kukata kamba. Nimevutiwa na Opinel (kampuni ya visu ya Ufaransa) namba 7 ya watoto: ncha yake ni ya mviringo, na ina pete ya chuma unayoizungusha ili kisu kisimfungie vidole. Hiyo pete kwangu ni lazima. Visu vingi vidogo vya Victorinox havina kitu kama hicho. Chuma cha hiyo Opinel ni cha pua, kisichoshika kutu kirahisi, afadhali, maana sidhani atakumbuka kukipangusa kila jioni. Wasiwasi wangu ni mpini wa mbao: ukilowa huvimba, kisu kikagoma kufunguka. Mliowahi kuwapa watoto wenu, nichukue hiki au nitafute cha mpini wa plastiki?