Je, nimnunue tena farasi niliyemwuza Rujewa?

Mwuliza swali, Mafinga
Ndugu zangu, naombeni ushauri kabla sijatoa jibu. Nilikuwa na farasi jike niliyemlea tangu akiwa mtoto na kumzoeza mwenyewe lijamu na tandiko, lakini gharama za matibabu ya mama zilipotuelemea ilinilazimu kumwuza kwa mfugaji mmoja karibu na Rujewa. Sasa mfugaji huyo anahama, na kwa wema wake amenipigia simu kabla hajamtangazia mtu mwingine. Farasi ametimiza miaka 17 na hapandwi tena mara kwa mara. Fedha naweza kuipata. Ninachojiuliza ni kama nitakuwa ninamtendea mema yeye au ninatuliza hamu yangu tu, maana shamba letu limepungua na hapa hana kazi ya kufanya. Nampenda sana mnyama huyu, na ndiyo sababu siamini uamuzi wangu peke yangu.

Mganga wa mifugo, Iringa
Ndugu yangu, bei ya kumnunua ni sehemu ndogo ya jambo hili. Farasi anayetunzwa vizuri huishi miaka 25 hadi 30, kwa hiyo unachokubali ni kumlisha kwa miaka 10 au zaidi, ikiwemo ile ambayo meno yatakuwa yamelika na atahitaji chakula kilicholoweshwa, huku kwato zikipunguzwa kila wiki 6 hadi 8 hata asipopandwa.

Lililo zito zaidi ni afya yake. Usangu, ilipo Rujewa, ni bonde la joto, na Hifadhi ya Ruaha iliyo jirani ina pundamilia na mbung'o. Pundamilia hubeba virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika bila kuonyesha dalili, usubi huvisambaza, na farasi wengi wasio na kinga hufa wakiambukizwa. Virusi hivyo viko vya aina 9, hivyo aliyeugua aina moja akapona bado anaweza kuugua nyingine. Uliza amechanjwa lini, wala usiridhike ukiambiwa kwamba ameshazoea mazingira. Damu yake ipimwe pia ugonjwa wa nagana unaoletwa na mbung'o, hasa ukimkuta amekonda ilhali anakula vizuri. Baridi ya Mafinga itakusaidia, lakini msimu wa mvua mwingize bandani kabla jua halijazama, kwa kuwa usubi huuma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri.

Mfugaji, Uyole
Nakubaliana na mganga kuhusu damu. Suala la kukosa kazi, kwa maoni yangu, lisikuzuie hata kidogo, kwani mnyama aliyetumika miaka yote hiyo anastahili kupumzika. Swali langu ni moja: huko aliko anaishi na nani? Farasi ni mnyama wa kundi, na kama mfugaji huyo anahama na farasi wengine, kumtenga na wenzake na kumweka peke yake kutamwumiza kuliko kuhama kwenyewe. Ikiwa ndivyo, ningependa kwanza ujue kama mwenyewe yuko tayari kuondoka naye. Ukimchukua, mtafutie punda mtulivu awe mwenzake, ila punda huyo apewe dawa kabla hawajachangia malisho, kwa sababu punda huweza kubeba minyoo ya mapafu bila kukohoa na kumwambukiza farasi.

Mkulima, Makambako
Mimi ningemchukua. Farasi mzee akiuzwa kwa mtu asiyemjua, hakuna anayeweza kukuhakikishia atafanyishwa nini. Omba kibali cha kusafirisha mifugo mapema, na uondoke na magunia machache ya chakula alichozoea, kisha umbadilishie kidogo kidogo kwa wiki moja au zaidi, maana kubadilishiwa chakula ghafla huweza kumletea msokoto wa tumbo.

Mwuliza swali, Mafinga
Nawashukuru sana. Nimempigia mfugaji: farasi wengine wawili wameshauzwa, kwa hiyo yeye amebaki peke yake, na kumbukumbu za chanjo hazipo. Amekubali apimwe damu kabla hatujazungumzia malipo, nami nitagharamia kipimo. Majibu yakiwa mazuri nitamchukua. Yakionyesha nagana nitamwomba mganga anieleze kama tiba inafaa kwa umri wake kabla sijaamua. Jirani yangu ana punda jike mpole na amekubali kuniuzia, na dawa ya minyoo nitampa wiki hii.