Bango moja la barafu ya Mirihi: Korolev, Deuteronilus au Arsia?

MwalimuKayole
Wadau, habari zenu. Nasimamia chama cha jiografia katika shule moja huku Kayole. Tumepewa ukuta mmoja wa darasa na pesa za kuchapisha bango moja kubwa kule mjini. Watoto wangu wameshaimba barafu ya Mlima Kenya hadi imewaingia: barafu ya Lewis, bonde la Teleki, moreni (malundo ya mawe na kifusi yanayoachwa na barafu), yote. Sasa nataka pembeni waione ya Mirihi. Nimebaki na sehemu tatu: kreta (shimo la kugongwa na kimondo) ya Korolev, nyanda za Deuteronilus Mensae na ubavu wa magharibi wa volkeno Arsia Mons. Mngechukua ipi? Mimi moyo unanivuta Korolev kwa urembo wake.

DarubiniYaRongai
Korolev, bila kupepesa macho. Kipenyo chake ni kilomita 82, na ndani mna barafu ya maji yenye unene wa karibu kilomita 1.8 pale katikati, nyeupe mwaka mzima. Ile picha ya chombo cha Mars Express ya Desemba 2018 mtu akiiona anasimama tu. Halafu kuna fizikia yake: hewa inayopita juu ya barafu inapoa, inakuwa nzito, inatuama ndani ya kreta na kuikinga barafu isipate joto. Yaani barafu inajilinda yenyewe.

Jiwe_la_Ngong
Picha ni kali, sikatai. Lakini mwalimu, hicho ni chama cha jiografia ama ni saluni? Barafu ya Korolev imekaa tu. Haijashuka mahali, haijasukuma kitu, haina moreni ya kuonyesha. Ukitaka barafu iliyotembea, nenda Deuteronilus, kaskazini, latitudo ya 40 na kitu.

Pale kuna milima yenye vichwa bapa, na miguuni mwake zimeshuka ndimi pana za kifusi, zenye mistari inayopinda kila zilipokutana na kizuizi. Vyombo vya Viking vilizipiga picha tangu miaka ya 1970, na ubishi ukaanza: je, ni mawe yaliyoshikana kwa barafu kidogo, au ni barafu yenyewe iliyovaa mawe? Jibu lilikuja na rada ya SHARAD, iliyo kwenye chombo cha Mars Reconnaissance Orbiter kilichofika Mirihi mwaka 2006. Mawimbi yake yalipenya, yakagonga sakafu mamia ya mita chini, yakarudi bila kudhoofika sana. Kwenye mawe matupu yangefifia njiani. Kwa hiyo kifusi ni ganda la mita chache tu, chini ni barafu.

MwalimuKayole
Sawa, lakini picha zake nimeziona, ni kijivu na kahawia. Mtoto wa nyuma atanyoosha mkono: "Mwalimu, barafu iko wapi?" Nitamjibu nini?

Jiwe_la_Ngong
Hilo swali ndilo unalolitaka! Hewa ya Mirihi ni nyembamba mno, shinikizo lake halifikii hata asilimia 1 ya la kwetu. Barafu ikikaa uchi kwenye latitudo hizo inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia kuwa maji. Iliyobaki imebaki kwa sababu imefunikwa. Akibisha, mwonyeshe zile kuta zilizotangazwa mwaka 2018, karibu na latitudo ya 55: mteremko umekatika na ubavu wa barafu uko wazi, mahali pengine unafika urefu wa mita 100.

Kirinyaga_Juu
Nyote mmeruka hoja ya mwalimu. Anataka kulinganisha na Mlima Kenya, mlima wa ikweta. Mshindani wake ni mmoja tu: Arsia, nyuzi kama 9 kusini mwa ikweta. Kwenye ubavu wake wa magharibi kuna alama ya barafu iliyoenea zaidi ya kilomita za mraba 160,000. Piga hesabu, hiyo inapita robo ya Kenya nzima. Volkeno jirani, Pavonis na Ascraeus, nazo zina alama kama hizo, upande uleule.

Barafu ilifikaje huko? Mhimili wa Mirihi leo umeinama nyuzi 25, karibu na wa kwetu. Ila sisi tuna mwezi mkubwa unaotutuliza. Mirihi ina vijiwe viwili, Phobos na Deimos, visivyotuliza chochote, kwa hiyo mhimili wake huyumba sana. Ukifika nyuzi 45 hivi, jua la kiangazi linachoma ncha za kaskazini na kusini, barafu inakuwa mvuke, upepo unaubeba hadi kwenye zile volkeno, hewa inapanda, inapoa, theluji inaanguka. Si ndivyo mvua ya Mlima Kenya inavyopatikana? Hayo yalitokea mamilioni mengi ya miaka iliyopita, na barafu imeondoka ikaacha moreni zake.

Mama_Kidato4
Ninasahihisha mitihani, kwa hiyo nisikieni kidogo. Moreni za Arsia zimelala juu ya mitiririko ya lava na hata juu ya kreta bila kuzivuruga. Maana yake barafu ile ilikuwa imeganda kwenye mwamba, haikuteleza wala kuchonga. Hutapata huko bonde la umbo la U kama Teleki. Mwanafunzi asiyeambiwa hivyo ataandika kwenye mtihani kwamba barafu ya Mirihi "ilikwangua mabonde" nami nitampa sufuri. Afadhali umfundishe tofauti: kwetu chini ya barafu kuna maji yanayolainisha, kule baridi imeikamata.

DarubiniYaRongai
Na picha ya Arsia ukweli usemwe ni doa tu. Alama zenyewe zinaonekana vizuri kwenye ramani ya mwinuko yenye rangi.

MwalimuKayole
Basi Korolev nimeiacha, roho inauma. Naweka Deuteronilus kubwa, na kwenye kona ramani ya Arsia kando ya ramani ya Mlima Kenya, kwa kipimo kimoja. Mlima wetu utakuwa nukta, lakini wacha wacheke. Picha za HiRISE, kamera ya Mars Reconnaissance Orbiter, ndizo kali zaidi, sivyo?

Jiwe_la_Ngong
Kali kupita kiasi. Upana wake ni kilomita kama 6, utapata kipande cha ulimi na mawe yake. Chukua za CTX, kamera nyingine ya chombo hichohicho, kilomita 30 kwa upana, ndimi zitaonekana zikishuka. Na kabla hujampa mtu wa kuchapisha, igeuze hadi mwanga utokee juu. Ukitokea chini, darasa lote litaona milima kama mashimo.