Uhandisi kupitia karakana ya reli: ni njia, au ni kumpotezea mtoto muda?

Fundi wa Kiloleni, Tabora:
Ndugu zangu, habari za jioni. Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne, fizikia na hesabu kafaulu vizuri, na anataka uhandisi. Baba yake kasema aende kidato cha tano na sita, kisha chuo kikuu, kwa sababu kushika spana ni kwa waliofeli. Mimi nikasema aanze na Chuo cha Reli hapa Tabora, awe mwanagenzi karakana, kisha apande. Familia imegawanyika, ndiyo maana nauleta mjadala hapa.

Hiyo kauli ya "waliofeli" inaniuma. Niliingia karakana nikiwa na miaka 19. Mwaka mzima wa kwanza nilikuwa naosha vyuma kwa mafuta ya taa na kummulikia fundi mkuu tochi. Siku moja akanipa nyundo, akaniambia nifumbe macho nigonge magurudumu ya behewa, moja baada ya jingine. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa mlio mfupi, kama umegonga chungu kilichopasuka. Nilipokuja kufundishwa darasani jinsi chuma kinavyochoka, masikio yangu yalishajua. Wa shahada naye hupelekwa mafunzo kwa vitendo, lakini ni wiki chache tu, na wiki chache hazifundishi sikio.

Reli ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914. Sasa SGR, ile reli mpya ya kisasa, nayo inakuja huku kwetu, Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Kigoma. Nataka vijana wetu waipokee wakiwa na ujuzi mkononi.

Binti wa Mwanga, Kigoma:
Shikamoo kaka. La sikio nakubali, ila umeruka ngazi. Kuna fundi mchundo mwenye cheti, kuna fundi sanifu mwenye diploma, kuna mhandisi mwenye shahada. Bodi ya Usajili wa Wahandisi haimsajili mtu kuwa mhandisi kwa kujua kugonga gurudumu. Inataka shahada, na juu yake miaka ya kazi chini ya usimamizi. Mimi nina miaka 7 nikiwa fundi mchundo. Kila nikiomba ruhusa ya kwenda kusoma naambiwa kazi ni nyingi, subiri mwakani. Mpwa wako akiingia humo na miaka 17, nani atamtoa?

Halafu SGR ni ya umeme, volti 25,000, na upana wake ni milimita 1,435. Hii yetu ya zamani ni milimita 1,000 na vichwa vya dizeli. Ya huku yatamsaidia nini kule?

Mzee wa Gengi, Urambo:
Wanangu, mafuriko ya mwishoni mwa 2009 yalipokata njia kati ya Kilosa na Gulwe, maji hayakuuliza upana. Tuta ni tuta, kalavati ni kalavati. Aliyetembea njia kwa miguu masika na kiangazi anajua maji yatapita wapi kabla mvua haijanyesha. Mwacheni mtoto atembee njia kwanza.

Fundi wa Kiloleni, Tabora:
Marahaba dada yangu. Kwenye ngazi umenishika, sibishi. Henry Royce, yule wa Rolls-Royce, alianza uanagenzi katika karakana ya reli huko Peterborough, Uingereza, ndugu yake akimlipia. Baada ya karibu miaka 3 fedha zikaisha, akaondoka hajamaliza. Watu humtaja kama ushahidi kwamba karakana inatosha. Mimi namwona kijana mwenye kipaji aliyekatishwa kwa kukosa ada, na wangapi wamekatishwa hivyo wasisikike tena?

Kwa hiyo nabadilisha nililosema mwanzo. Mtoto asianzie cheti cha fundi mchundo. Asome diploma ya ufundi, maana mwenye diploma yenye alama nzuri hupokelewa shahada. Na mkataba wake wa uanagenzi uandikwe tangu siku ya kwanza posho ya kula ni kiasi gani, na ni mwaka upi mwajiri atamwachia akasome. Mstari huo usipokuwepo, shemeji akikataa nitakaa upande wake.

Kuna yeyote hapa, Tabora au Kigoma, aliyewahi kusaini mkataba wenye mstari kama huo? Naomba aeleze uliandikwaje, na kama uliheshimiwa.